Fundi Aliyepima Macho kwa Sindano

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi hata mumewe akazoea, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu. Alitanguliwa na kaka na kufuatiwa na mdogo wa kike, ambao wote wako hapa leo, mstari wa mbele, na wamependeza sana.

Alisoma hadi darasa la saba, mwaka 1972. Mwalimu wa sayansikimu alimtoa darasani mara moja tu, kwa kosa la kumwambia mwalimu huyo mbele ya darasa kwamba mshono wa mwalimu umepinda. Ulikuwa umepinda kweli.

Mwaka 1975 alianza kushona sare za shule kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, akadumu hapo zaidi ya miaka arobaini. Huko ndiko alikobuni kipimo chake cha macho: ukiweza kupitisha uzi kwenye sindano, unaona, ukishindwa, kanunue miwani. Ukoo mzima ulikipokea kipimo hicho bila swali.

Tarehe 20 Juni 1981 alifunga ndoa na mchora vibao vya maduka, wakajaliwa binti mmoja. Walipendana, ukiondoa vibao vitatu vyenye rangi mbichi alivyovikanyaga mwaka 2014 vikiwa vimelazwa kando ya mlango. Mumewe alimwomba akapime macho. Marehemu alichukua sindano nyembamba kuliko zote, akapitisha uzi mara moja, akamuuliza nani kipofu hapa.

Mwaka huohuo, kwenye kikao cha familia, mdogo wake alimnyooshea mkono kutoka ubavuni, naye hakuupokea. Mdogo mtu akatangaza kwamba dada ana maringo, cherehani imempanda kichwani. Wakanuniana miaka mitano. Kwa faida ya waliokuja na maneno hayo hadi makaburini: marehemu hakuuona ule mkono.

Binti yake alimburuta hadi kliniki ya macho tarehe 3 Septemba 2019. Walimpima presha ya macho, wakachungulia neva iliyo nyuma ya jicho, kisha wakamkalisha kwenye mashine abonyeze kitufe kila nukta ya mwanga inapowaka. Alitoka akilalamika kwamba nukta zenyewe haziwaki.

"Mashine ni nzima, mama," daktari alisema. "Ni glakoma. Presha inaua neva polepole, bila maumivu, na kuona kunaanza kupotea pembeni."

Marehemu akatoa sindano mkobani, akapitisha uzi mbele yake.

"Tundu la sindano liko katikati," daktari akasema. "Katikati ndiko kunakokwisha mwisho. Kilichopotea sitakurudishia. Kilichobaki tunaweza kukilinda, ukiweka matone kila siku."

Aliweka miezi minne. Kaka yake akamuuliza kama sasa anaona zaidi. Akajibu hapana, ni vilevile.

"Sasa hiyo ni dawa gani?" kaka akasema, akamshauri asubiri ugonjwa uive utolewe, kama mtoto wa jicho wa jirani yao.

Kubaki vilevile ndiyo ilikuwa kazi yote ya dawa ile, na ilikuwa ikiifanya. Chupa zikawekwa kabatini. Kufikia 2022 hata tundu la sindano halikuonekana tena. Tarehe 11 Agosti 2023 alikosa ngazi ya kibaraza chake mwenyewe, akavunjika nyonga, na tarehe 30 akafariki hospitalini kwa nimonia. Aliugua glakoma kwa miaka tisa na ushauri kwa mitatu.

Daktari alisema pia kwamba ndugu wote wa damu wapimwe. Ameacha mume; binti, aliyepimwa wiki ileile, akakutwa na dalili za mwanzo, anaweka matone kila siku na anaona pande zote; mdogo wa kike, ambaye hajapimwa kwa kuwa alikuwa amenuna; na kaka, ambaye hajapimwa kwa kuwa anasoma gazeti bila miwani. Juzi, alipokuja na gari kukagua kaburi, alikwaruza nguzo ya lango upande wa kushoto, akauliza nani kaiweka pale. Huyo ni baba mzazi wa msomaji wa wasifu huu, kwa hiyo inasemwa kwa heshima zote: baba, funguo usizitafute mfukoni. Zitarudi ukileta karatasi ya kipimo.

Fundi apumzike salama. Mama ataendesha.