Unga Kwenye Paji la Uso

Wapendwa katika Bwana, wazazi wenzangu, na ninyi wanangu mliomaliza kidato cha sita ambao tumekuja kuwaombea, nawasalimu. Vijana, mbona kimya? Haya, marahaba, marahaba. Kaeni.

Mchungaji ameniambia, "Mama, simama uwape moyo hawa watoto." Nikamjibu kwamba moyo wa kugawa sina, wangu wenyewe haunitoshi. Nimefundisha hesabu mpaka nikastaafu, lakini nikisimama mbele ya watu wazima bado naishikilia meza. Tazameni. Basi nitawaambia juu ya woga, maana hicho ndicho ninachokijua vizuri. Jina la mtu sitataja, na mtakaponisikiliza mtaelewa kwa nini.

Siku zile za Ujamaa, ukimaliza kidato cha sita huendi chuo kikuu hivi hivi. Ulikwenda jeshini kwanza. Ukitoka huko unapangiwa kazi, ukaishi na wananchi, na mwisho tawi la chama la pale ulipo linaandika kwamba tabia yako ni njema na unafaa. Bila neno la tawi, alama zako za mtihani zilikuwa kazi bure.

Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Lakini hata angekuwepo, ninyi wa huku mnajua, kwetu mwenye sauti juu ya mtoto ni mjomba, kaka yake mama. Nilipovunja ungo wazee walitaka niwekwe ndani mpaka apatikane mume. Mjomba akawaambia, "Sawa, atawekwa ndani. Shule zikifunguliwa, anatoka." Wakamwona amerukwa na akili. Yeye akanipeleka mwenyewe shule ya misheni, amebeba sanduku langu kichwani, mwanamume mzima, watu wakimcheka njiani. Kwa hiyo chuo hakikuwa changu peke yangu. Nikikikosa, ni yeye wangemcheka tena.

Nikapangiwa kufundisha kisomo cha watu wazima katika kijiji kipya, ukiipita Mikumi kidogo, kando ya barabara. Mjomba na familia yake walikuwa wamehamishiwa hapo hapo, wakaacha nyumba, mashamba na makaburi ya wazee upande wa Ulaya. Ulaya yetu hii ya Kilosa, vijana, msicheke. Nikaona Mungu amenipendelea, nafanya kazi na huku nakula kwa mjomba.

Kijiji kilipangwa vizuri, nyumba zimenyooka. Tatizo ni kwamba tembo hawakushirikishwa. Mahindi yakianza kukomaa wao ndio waliovuna, na jioni ukisikia simba unahesabu watoto kama wote wamo ndani. Watu wakaanza kurudi kimya kimya mahameni, huko kwenye makazi yao ya zamani, wapate kulima kidogo na kufyeka makaburi. Kurudi kulikatazwa. Ukikutwa huko, kibanda kinachomwa na wewe unapelekwa wilayani.

Siku moja katibu wa tawi akaniita ofisini. Alikuwa kijana tu, amenizidi umri kidogo, mzaliwa wa huku huku kwetu. Hakunifokea. Ndugu zangu, nawaambia, hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alinipa kiti.

"Ndugu mwalimu, darasa lako linapungua. Watu wanakwenda wapi?"

"Wengine wanaumwa, ndugu katibu."

"Wanarudi mahameni. Wewe unakaa nao, unawajua. Lori likienda wilayani wiki ijayo nataka liondoke na majina. Na barua yako ya chuo itaondoka na lori hilo hilo."

Nikasema, "Nimesikia." Nikatoka. Sikukubali wala sikukataa, nilisema tu nimesikia, na miguu ikanipeleka nyumbani yenyewe.

Darasani tulikuwa tumefika mahali pa kila mtu kuandika jina lake. Mama mmoja aliandika lake ubaoni kwa mara ya kwanza maishani, akageuka kunitazama, uso wote umejaa furaha. Nilitakiwa nimpigie makofi. Mimi nikawa naona kwamba ninakusanya majina ya lori. Kila jina lililoandikwa ubaoni nililifuta haraka, mpaka wakaniuliza, "Mwalimu, una homa?"

Ile wiki ikafika. Jioni moja mwanafunzi wangu, kijana wa mgambo, akaaga huku anajigamba. "Mwalimu, keshokutwa sitakuja. Tunakwenda upande wa Ulaya kuchoma vibanda." Nikakimbilia kwa mjomba. Nikamkuta mkewe anapepeta mchele.

"Mjomba yuko wapi?"

"Amekwenda kukusemea."

Nilielewa, na nikaketi chini hapo hapo. Kwetu mtoto haendi safari kubwa wazee hawajaambiwa. Mjomba anakwenda makaburini na pombe kidogo na unga, anawaambia fulani anaondoka, mtazameni. Kwa hiyo alikwenda mahameni kwa ajili ya chuo changu, na chuo changu kilikuwa kinangoja nimtaje kwamba amekwenda.

Asubuhi nikamfuata. Nilijua nikikosekana darasani siku nzima itahesabika nimetoroka kazi. Nilikwenda hivyo hivyo, si kwa ushujaa, ila kukaa kulinitisha kuliko kwenda. Njiani nikasikia matawi yanavunjika. Tembo jike na mwanawe walikuwa mbele yangu kabisa. Nikajikunyata nyuma ya kichuguu, siafu wananipanda miguuni na sithubutu kujikuna. Nilisali, na sala yenyewe ilikuwa "Ee Bwana, Ee Bwana" tu, mengine yote yalinipotea. Wakapita polepole, kama watu wanaotoka sokoni.

Nikamkuta mjomba amechuchumaa penye kaburi la bibi, na kikombe cha unga uliokorogwa na maji.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakutuma huku peke yako?"

"Mjomba, mgambo wanakuja kesho. Watakuchukua. Twende, twende sasa hivi."

"Kesho bado. Piga magoti."

"Mjomba!"

"Nilikuwa namsemea mtu asiyekuwepo. Sasa umekuja mwenyewe, halafu niondoke katikati? Piga magoti."

Nikapiga magoti. Akachovya vidole, akanipaka unga kwenye paji la uso, akasema, "Mtoto wenu huyu anakwenda mbali, kwa watu tusiowajua. Akiogopa, mumshike mkono." Mchungaji, usinitazame hivyo. Nilikuwa nimebatizwa, na mjomba alikuwa amebatizwa. Mungu hatukumwacha siku ile. Tulikuwa na hofu, na tulikuwa kwetu.

Akawapigia mbinja waliokuwa mashambani, kila mtu akashika njia yake. Mimi nikarudi nusu natembea, nusu nakimbia, huku natunga uongo. Nitasema tumbo. Nitasema nililala kutwa. Jua halijazama nikafika kijijini, na yule mwanafunzi wangu wa mgambo alikuwa ananingoja barazani kwangu. Akanitazama, akatazama pembeni, akasema, "Katibu anakuita."

Nikaingia ofisini na uongo wangu wa tumbo tayari mdomoni. Katibu akainua macho, akanitazama usoni, na akaendelea kunitazama. Nikapeleka mkono kwenye paji. Vidole vikakuta unga, umekauka.

Niliusahau! Msomi wa kidato cha sita, nimetembea nao kijiji kizima. Na ninyi mnajua, unga ule mtu hajipaki. Anayekupaka ni mjomba wako. Paji langu lilikuwa limeshamtaja mjomba kabla sijafungua kinywa.

"Umetoka wapi?"

Uongo wa tumbo ukaniishia. "Mahameni."

"Nani amekupaka?"

Ndugu zangu, kwa tembo niliogopa, lakini tembo hakuniuliza swali. Hapa niliogopa mpaka nikahisi mkojo unakuja. Nilikiona chuo, majengo ambayo sijawahi kufika. Nikaliona sanduku langu kichwani kwa mjomba. Jina lake likawa limekaa mdomoni pale pale, ni kulisema tu, na yeye katibu alikuwa analijua tayari! Ningekuwa nimemwambia asichokijua? Hivyo ndivyo woga unavyobembeleza.

"Nimejipaka mwenyewe."

"Mtu hajipaki mwenyewe."

"Mimi nimejipaka. Ulitaka majina, ndugu katibu. Andika langu. Lingine sina."

Nilisema hivyo nikilia, kamasi zinatoka, msidhani nilisimama kama askari. Katibu akatazama mlangoni, mgambo walikuwa nje wanavuta sigara. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kanawe uso kabla hujaonekana na watu wengine."

Nikageuka niondoke. Akaongeza, "Barua yako haitakwenda."

Mgambo walikwenda kesho yake, wakakuta majivu yamepoa, wakachoma vibanda vitupu. Hakukamatwa mtu. Lori likaondoka, na barua yangu haikuwemo.

Hapo ndipo nilipoanguka. Wenzangu wa darasa moja waliingia chuo, mimi nikawa nalala kitandani nimegeukia ukutani. Nilimwogopa hata mjomba, nisione anavyonihurumia. Nilifikiri nirudi kwetu milimani, wale wazee waliotaka niwekwe ndani wanitafutie huyo mume wao, yaishe. Mjomba alikuja mlangoni akakaa nje siku hadi siku, anasuka jamvi. Kisha wakaja wale wanawake wa kisomo na uji wa mtama. Hawakunipa pole. Yule mama wa jina ubaoni akaniuliza, "Mwalimu, kusoma gazeti tunaanza lini?" Nikanywa uji. Kesho yake nikarudi darasani na gazeti, nikafundisha.

Mwaka mwingine ukafika. Mkutano wa tawi ukakaa, jina langu likasomwa, na katibu ni yule yule. Akauliza nani anaijua tabia ya mwalimu huyu. Watu wakainamisha vichwa. Nikasema moyoni basi, imekwisha. Ndipo yule mama akasimama, mtu ambaye hakuwahi kufungua kinywa mkutanoni, kanga ameishika kwa mikono miwili.

"Sisi ndio tunaomjua. Majina yetu tuliandika mbele yake, na yote yako salama. Andika, ndugu katibu."

Katibu akainama akaandika. Sijui kama alinisamehe, au alifurahi kwamba mzigo umemtoka. Siku hizi nafikiri naye alikuwa anaogopa. Alikuwa na mama yake, na mama yake naye alikuwa na mahame.

Basi, namshukuru Mungu aliyenipitisha. Namshukuru mjomba, ambaye sasa amelala. Nawashukuru wale mama wa uji, na hata yule katibu namshukuru, kwa yale maneno ya kanawe uso.

Wanangu, huko mnakokwenda kuna siku mtu atakuita ofisini. Atakuwa na kitu unachokitaka sana, alama, nafasi, ajira. Ataongea kwa upole na atakupa kiti. Atakuomba kitu kidogo tu, na kitakuwa ni cha mwenzako, au ni mwili wako, au ni jina la mtu. Wazazi wako watakuwa nyumbani wanajivunia wewe. Utaogopa. Ogopa, mwanangu, wala usione haya, lia na kamasi zitoke. Ila woga wako ulipie mwenyewe, usimlipishe mtu mwingine.

Asubuhi ya kuondoka, mjomba hakwenda mahameni tena. Alinisimamisha mlangoni kwake, kijiji kizima kinaona, akakoroga unga, akanipaka. Nikamuuliza, "Mjomba, ninawe kabla sijafika stesheni?"

Akasema, "Shauri yako. Uso ni wako."

Nikapanda treni Kilosa, kwenye behewa lililojaa watu nisiowajua, nao wananitazama paji la uso. Niliogopa njia nzima. Lakini sikunawa.