Skii za Kila Mahali

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la Gunnvor, upande unaopata jua, na tumelitandika ngozi za kulungu ili matako yasigande. Jumanne hiyo ya Machi hakuna aliyeota jua. Mgeni mmoja aliyenunua skii, zile mbao za kutelezea theluji, dukani Jumamosi, alipanda uwanda wa juu milimani Jumapili asubuhi, tufani ya theluji ikashuka jioni, na hadi sasa hajarudi. Vijana wote wa kijiji wako juu wanamtafuta, helikopta inazunguka tangu alfajiri. Tuliobaki ni sisi ambao magoti yametukatalia lakini midomo bado mizima: Asbjørn, tunayemwita Nta, kwa sababu kwake kila jambo la duniani huamuliwa na nta inayopakwa chini ya skii, Torgeir, yaani Kocha, aliyefundisha watoto wa shule miaka thelathini na sasa anafundisha yeyote anayepita, na mimi, Redio, msiniulize kwa nini. Ubaya ni kwamba skii zile tulimchagulia sisi watatu.

NTA: Nilisema tangu mwanzo. Apewe nyembamba, ndefu, zinazoingia kwenye mifuo ya njia iliyochongwa. Mtu wa nyembamba hatoki njiani. Saa hizi angekuwa kwenye kibanda cha njiani anakunywa supu ya njegere.

KOCHA: Acha hizo! Nyembamba kwenye theluji laini anazama mpaka kiunoni. Mimi nilitaka pana, zenye ukingo wa chuma mwanzo mpaka mwisho, na ngozi za kubandika chini wakati wa kupanda, asirudi nyuma.

NTA: Pana! Umfungie mtu milango miguuni halafu umwambie ateleze?

MIMI: Ndiyo maana niliwapatanisha. Za kati: mifuo zinaingia, theluji laini zinaelea, na chuma kipo. Za kila mahali. Mlikubali wote, msinitupie mimi peke yangu.

Gunnvor alitoka na birika, akatumiminia kahawa bila kututazama usoni.

GUNNVOR: Saa mbili nzima mlimzungusha dukani kwangu. Mpaka karatasi mkaipitisha chini ya skii, kasimama juu yake.

KOCHA: Ndivyo inavyopimwa, mama! Akisimama sawasawa na karatasi ikapita, ujue upinde wa skii unamfaa. Ilipita vizuri kabisa.

GUNNVOR: Haya. Ilipita.

Akarudi ndani. Kocha akasogea karibu, sauti chini.

KOCHA: Sikilizeni. Mwenye chuma mguuni lazima atafute mteremko. Yuko kusini, mteremko wa Storskard. Tuwapigie simu wanaomtafuta.

NTA: Hapo umechemka. Skii mpya humvuta mtu kwenye barafu, azione zinavyokimbia. Yuko ziwani, kaskazini. Waambie ziwani.

MIMI: Ziwa gani? Huyo kavuka mpaka zamani. Upepo ulimsukuma mgongoni, sasa yuko Uswidi anakausha soksi.

KOCHA: Kilomita mia, Redio?

MIMI: Hukuona macho yake? Macho ya mtu anayekimbia kitu. Ana mke mwingine huko, na jina ameshabadili.

NTA: Kama alibadili na nta, basi kafika.

Tulicheka. Nasema ukweli, tulicheka. Kisha helikopta ikapita chini sana, vikombe vikatetemeka, tukavishika. Usiku uliopita baridi ilikuwa ishirini na mbili chini ya sifuri. Mtu akijichimbia kwenye theluji huvumilia usiku mmoja, wa pili kwa bahati, na wa tatu hapa kwetu hatuuzungumzii. Huu unaokuja ulikuwa wa tatu wake.

Basi la saa sita likasimama. Akashuka mwanamke na mkoba mmoja, viatu vya mjini, akaja moja kwa moja kwetu.

— Habari zenu, wazee wangu. Naitwa Ragnhild. Mimi ndiye mke wa Halvard, huyo anayetafutwa.

Nta akavua kofia. Kocha akampisha benchi, lakini mama huyo hakukaa.

RAGNHILD: Msimamizi wa utafutaji kaniambia mlikaa naye muda mrefu. Uwanda ni mkubwa, hawajui waelekeze nguvu wapi kabla giza halijaingia. Aliwaambia anakwenda wapi?

Hapa kwetu mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba anayepanda huulizwa njia yake kabla hata ya kuulizwa jina. Mimi nimewafokea wageni wangapi kwa jambo hilo. Na Jumamosi, mtu kasimama mbele yetu saa mbili, tayari kujibu lolote, sisi tunabishana upana wa mbao, na hilo moja hatukumuuliza. Nilitamani ardhi inimeze.

NTA: Mguu wake ni namba arobaini na tatu.

KOCHA: Pamoja na mzigo mgongoni, kilo tisini na mbili. Tulimpima kwa mizani ya viazi.

RAGNHILD: Mguu wake naujua, mzee wangu. Nimeuliza anakwenda wapi.

Tukainua macho sote watatu. Juu ya uwanda helikopta iligeuka kuelekea kaskazini, ikaenda kidogo, ikaghairi, ikageuka tena kusini.