Mama Subiri na Benchi Lake la Mlangoni

Mama Subiri, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya tatu kutoka kiwanda cha matofali, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa mpiga chapa na mshona magodoro. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na wagonjwa wake, wengine wakiwa wamenuna, na mdogo wake anayewasomea haya anakiri kwamba naye alikuwamo.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kituo cha zimamoto, 1958 hadi 1965. Waliomjua uzeeni hawataamini, lakini alikuwa hana breki kabisa. Alijibu swali kabla mwalimu hajalimaliza, na mara nyingi alijibu swali jingine. Baadaye alijifunza ushonaji kwa miaka miwili, akaajiriwa ghorofa ya pili kwenye karakana ya sare za shule.

Cherehani ndiyo iliyompeleka kwenye sindano za aina nyingine. Mwaka 1976 bega lake la kulia liligoma, akaenda kwa daktari mzee wa Kichina, mtibu wa kuchoma sindano nyembamba zisizo na dawa, aliyekuja na wajenzi wa daraja akabaki. Alifika mbio, hajala, ametoka kugombana na msimamizi. Mzee akashika mkono wake kupima mapigo, akauachia, akampa chai na mkate, akamwambia akae. Dada akamwakia kwamba amekuja kutibiwa, hakuja kukaa. Mzee akamrudisha nyumbani bila kumchoma. Bega lilichomwa siku ya tatu, alipokuja ametulia, na kuanzia siku hiyo hakubanduka pale kwa miaka minane.

Mzee alimfundisha mafundisho ya kale ya waganga wa kwao, akitafsiri sentensi moja moja, naye akiandika kwenye daftari lake la vipimo vya wateja. Daftari hilo tunalo. Ukurasa mmoja una kifua thelathini na nane na kiuno thelathini na moja, na chini yake kuna maneno haya kwa mwandiko wake: mwenye njaa asichomwe, aliyetoka kula asichomwe, aliyechoka, aliyeogopa, mwenye hasira, wasubiri kwanza. Na anayeshika sindano asiishike kama moyo wake haujatulia.

Kuandika ni kitu kimoja. Alifungua chumba chake mwaka 1984, na tarehe 9 Agosti 1985 akaja dereva wa lori aliyeendesha tangu alfajiri bila kula, ana haraka, na nje kuna foleni. Dada naye akaharakisha. Hakumuuliza chochote, mapigo aliyapima juu juu. Sindano ya nne ilipoingia, dereva akalegea na kuzimia. Alizitoa zote, akamlaza, akamwinua miguu, na mtu akazinduka akiuliza lori lake liko wapi. Dereva alilichukulia kama mzaha, lakini Dada hakucheka. Alifunga mlango mwezi mzima, akalisoma daftari upya kama mtoto wa darasa la kwanza.

Alipofungua, kulikuwa na benchi mlangoni na maswali matatu ukutani: Umekula? Umelala? Umegombana na nani? Ukijibu vibaya, unakaa. Wapo waliohama wakaenda kwa wenye haraka, na ndugu tukamwambia atakufa njaa na daftari lake. Hakurudi nyuma hata hatua moja. Na mapigo yasipomridhisha hakujifanya anajua kila kitu. Alikuandikia kikaratasi cha hospitali na kukusindikiza hadi barabarani.

Mume wake alimpata benchini. Fundi saa huyo alikuja na maumivu ya mgongo, akarudishwa kukaa mara tatu kwa sababu ya ugomvi na mwenye nyumba wake. Mara ya nne alikuja na mkate wa watu wawili. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1986, wakajaliwa binti na mwana.

Binti ndiye aliyerithi kazi. Ana mikono myepesi kuliko ya mama yake, na mama alilisema hilo mbele za watu. Lakini breki alikosa, kama mama yake wa zamani, na hilo lilimkosesha Dada amani kuliko ugonjwa. Alisema waziwazi kwamba hataki kuondoka akiacha sindano kwenye mkono usiojua kungoja.

Septemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alifuata dawa za hospitali bila ubishi, na binti akamchoma sindano za kutuliza kichefuchefu. Mlango wa tiba ulifungwa, na benchi lililetwa chumbani kwake, karibu na dirisha.

Asubuhi ya Alhamisi tarehe 11 Aprili 2024, binti aliingia ametoka kuzozana na mfamasia, pakiti ya sindano tayari mkononi. Mama akaurudisha mkono wake ndani ya blanketi.

“Umekula?”

“Mama, si wakati wa hayo.”

“Umegombana na nani?”

“Na kila mtu.”

“Basi kaa.”

Akakaa. Baba yake akamletea chai na mkate, akala huku analia, na sote tuliokuwamo tulilia. Ilipita karibu saa nzima. Kisha akainuka, akashika mkono wa kushoto wa mama yake kwa vidole vitatu, halafu wa kulia, akipima mapigo. Akairudisha pakiti mezani bila kuifungua.

“Huchomi?” mama akauliza.

“Umechoka, Mama. Aliyechoka hachomwi.”

Dada akatabasamu, tabasamu ambalo hatukuliona tangu Septemba. “Sasa fungua mlango wangu,” akasema. Saa nne na dakika ishirini alituacha, vidole vya binti yake vikiwa bado mkononi mwake.

Ameacha mume, binti, mwana ambaye ni fundi umeme, wajukuu watatu, wadogo zake watatu, na daftari moja la vipimo. Mlango utafunguliwa Jumatatu na binti yake. Benchi limesharudi mahali pake, na maswali ni yale yale.

Apumzike kwa amani Dada yetu, na asiwepo wa kumharakisha.