Mkaguzi Aliyeifungia Boti Yake

Tarehe 30 Juni 1986, Ndugu Donatus Bujiku, Mkaguzi wa Majitaka wa gati letu la Nyabusenga, upande wa ziwani wa Geita, atakabidhi funguo za ofisi baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Funguo zenyewe ni tatu, na mmoja hakuna anayejua ni wa nini. Tutamuuliza kabla hajaondoka.

Ndugu Bujiku ni mtoto wa wafugaji wa Samuye. Alianza mwaka 1960 kwa kuchimba malambo ya ng'ombe huko Shinyanga, na hakuwahi kukanyaga chombo cha majini mpaka alipohamishiwa kwetu mwaka 1975. Siku ya kwanza kupanda meli alitapika hadi akashikwa kiuno asitumbukie. Mabaharia wakamuuliza kama hicho anachokimwaga ana kibali chake. Kisa hiki huwasimulia wageni yeye mwenyewe, na hucheka kabla hajakimaliza.

Na kazi yake ndiyo hiyo, vibali. Kila meli ya mizigo na kila boti ya abiria inayoingia ghuba yetu sharti iwe na kibali cha mwaka, kinachoeleza maji ya chooni na ya chini ya injini yatamwagwa wapi. Ndani ya ghuba ni marufuku, maana ndiko tunakochota ya kunywa. Ndugu Bujiku hupanda chomboni, huifunga koki ya kumwagia kwa waya na lakiri, kisha huchota maji ubavuni kwa kikombe chake cheupe na kumnusisha nahodha. Asiye na kibali hashushi hata gunia moja. Wapo waliomwita roho mbaya. Akina mama wa hapa waliozika watoto mwaka wa kipindupindu hawakumwita hivyo.

Sasa nije kwenye mkasa wa 1983, ambao wengi wenu mnaujua nusu. Nahodha Akida wa meli ya pamba alizuiwa gatini siku mbili kwa kibali kilichokwisha muda. Mtu wa maneno yule! Alipanda ofisini kwa hasira, akachungulia dirishani, akaiona boti yetu ya ukaguzi imeegeshwa, inadondosha oili. Akaomba, kwa adabu zote, aonyeshwe kibali cha boti ile. Tulipekua majalada asubuhi nzima. Hakuna. Kwenye orodha ya vyombo tuliyopeleka mkoani kuombewa vibali, boti ya ofisi haikuwamo. Nahodha Akida alicheka mpaka akina mama pale ufukweni wakatua ndoo zao.

Ndugu Bujiku angeweza kufunika kombe mwanaharamu apite. Badala yake alichukua waya na lakiri, akateremka, akaifunga boti yake mwenyewe mbele ya watu. Wiki saba alikagua kwa baiskeli, kutoka gati hadi gati, jua likimchoma utosi. Nahodha Akida naye akasubiri kibali chake kama wengine, na tangu hapo hajachelewa kukiomba hata mara moja.

Lakini mkoani hawakucheka. Walitaka jina la aliyeiacha boti nje ya orodha, aondolewe kazini. Ndugu Bujiku akaandika kwamba amesahau yeye, barua nikaichapa mimi, karani mwenye miezi mitatu tu ya majaribio na mama mjane nyumbani. Hakufukuzwa, ila cheo alichokuwa akingojea kilifia pale pale. Nasi, mayo wee, tukamtania miaka mitatu. Jina la Mzee Sahau nilimpa mimi.

Wiki iliyopita nilikuwa namsaidia kutoa vitu kwenye droo zake. Nikakuta orodha ile ya 1983 kwa mwandiko wake, ile niliyopewa niichape. Upande wa mbele kuna vyombo kumi na vinne, vyote nilivichapa. Nikaigeuza. Nyuma kuna mstari mmoja tu: Boti ya ofisi. Nilikaa chini nikalia. Alipoingia aliiona karatasi mkononi mwangu, akaniuliza kama chai imeiva.

Ndugu Bujiku, aliyesahau si wewe. Ni mimi, Mwanaidi, na leo nataka ofisi nzima ijue, na mkoa nao ujue. Asante, Mzee wangu. Nahodha Akida ameomba akuvushe yeye mwenyewe mpaka Mwanza, ukapande gari la Shinyanga. Koki zake kazifunga tangu jana, kikombe usikisahau. Ng'ombe wa Samuye wakupokee, afya ikukae, na uzee wako uwe wa raha. Programu hii ya kukuaga nimeichapa kwa mkono wangu, na safari hii nimegeuza karatasi.