Nishani Iliyopotelea Kwenye Utani

Mbukwenyi, ndugu zangu! Jina la Bwana lisifiwe, maana leo mnaniona nimesimama hapa mbele yenu, mimi Yakobo Malogo, na siko njiani nikiwa na mzigo wa serikali kichwani!

Mwalimu wetu wa kanisa ameniambia niseme kwa kifupi. Nitajaribu, lakini jambo lenyewe ni refu kidogo, na mimi nikianza kusema sijui kufunga breki kama lile gari moshi lililokuja juzi juzi nchini kwetu. Mnivumilie.

Wengi wenu mnanijua kwa tembe yangu, ile nyumba ya udongo iliyo karibu na boma. Wachache mnajua kwamba nilikuwa askari wa Wadachi, nikafika cheo cha ombasha, nikawa na watu chini yangu. Nilipigana vita vya kusini. Ndugu zangu, vita vile vilikuwa vibaya. Tulichoma maghala ya watu, na watu wale wakafa njaa baada ya bunduki kunyamaza. Sitasimama kanisani nikajisifu kwa vita vile. Ninayotaka kuwaambia ni habari ya siku moja tu, siku ya mto.

Katika kampani yetu alikuwako Mnyamwezi mmoja, jina lake Maganga. Mnajua sisi Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu zamani, tangu misafara yao ilipokuwa ikipita kwetu kuomba maji. Maganga hakuniacha hata siku moja. Akiniona nakula, atasema Wagogo wakiona chakula wanadhani ni ndoto. Na mimi namwambia Mnyamwezi hata usingizini anatafuta mzigo wa kubeba. Tulilala hema moja, tulikula sufuria moja. Nilimpenda mtu yule kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, na sijui kama niliwahi kumwambia.

Siku hiyo tulikuwa tunavuka mto, adui wakatushambulia kutoka ng'ambo. Maganga alipigwa risasi ya paja, akaanguka majini. Wenzetu walirudi nyuma. Nilimkamata mkanda, nikamvuta, nikambeba mgongoni, nikakimbia naye huku risasi zinapita. Bwana mkubwa wetu wa kampani aliona kwa macho yake. Jioni aliniita mbele ya wote, akasema nitapewa nishani. Nilipiga saluti kwa furaha.

Lakini bwana mkubwa yule alishikwa na homa, akapelekwa pwani, na kutoka pwani akarudishwa kwao Ulaya. Akaja mwingine, mgeni kabisa, hajui mtu wala desturi. Vita vilipokwisha aliketi mezani kutengeneza vyeti vya askari wanaoachishwa. Alipofika kwenye jina langu alikuta mwenzake ameahidi nishani, basi akataka shahidi. Maganga akaitwa, anachechemea na fimbo yake. Bwana akamwuliza, kwa mkalimani: huyu Malogo alifanya nini siku ile mtoni?

Ndugu zangu, hapa ndipo ulipozaliwa msiba wangu! Maganga alinitazama, akanyoosha uso, akasema, "Huyu Mgogo? Bwana, huyu alikimbia. Sijaona mtu anakimbia namna ile. Masikio yake marefu yalikuwa yanapeperuka nyuma!"

Askari wote wakacheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi je? Ninyi mnajua desturi. Mtani hakanushi. Ukikanusha umeshindwa, umekuwa mtoto mdogo. Bwana aliponigeukia kuniuliza kama ni kweli, nilisimama wima nikasema, "Kweli kabisa, Bwana. Nilikimbia, maana nilikuwa na mzigo wa kinyesi cha Kinyamwezi mgongoni, unanuka."

Wakacheka tena. Bwana mgeni hakucheka. Aliandika, akapiga muhuri, akanipa karatasi, akaita mwingine. Mimi sikujua kusoma. Niliikunja karatasi ile kwa heshima, nikaitia kwenye mkoba wa ngozi, nikarudi kwetu Ugogo. Na Maganga tuliagana kwa matusi mazuri ya utani, kila mtu akashika njia yake.

Nishani haikuja. Nilisema moyoni, pwani ni mbali. Nikaoa, nikajenga. Reli ilipofika Dodoma, askari wa zamani tulipewa nafasi ya kujenga karibu na boma, na tukaachwa nje ya kazi ya kubeba mizigo ya serikali. Nililima uwele wangu, nikachunga ng'ombe wangu wachache. Mke wangu Rebeka alianza kuja huku kusali. Mimi nilibaki nje. Nilimwambia Rebeka kwamba Mungu wa wazungu ninamjua, nilimpigia saluti kila Jumapili kwenye gwaride.

Kisha akaja Bwana Shauri mpya bomani, yule Mdachi anayeamua mashauri yetu. Aliamuru askari wote wa zamani walete vyeti vyao, ajue nani anastahili kukaa pale. Nilikwenda nimevaa koti langu la zamani, kifua mbele. Karani, mtu wa pwani, alisoma cheti changu kimya, halafu akaniangalia kwa huruma. Nikamwambia asome kwa sauti. Akasoma: hakuna nishani. Alikimbia mbele ya adui. Mwenyewe amekiri.

Mwenyewe amekiri! Nilitaka kucheka, nikidhani karani ananitania. Lakini karani wa bomani hana utani.

Bwana Shauri alisema maneno machache. Askari aliyekimbia hana nafasi karibu na boma. Nikishavuna, nibomoe tembe yangu, niondoke. Na kwa kuwa si askari wa heshima, nitaingia kwenye msafara wa wapagazi wa serikali kama watu wengine. Nilijua msafara ule unasimamiwa na nani. Ni ombasha kijana niliyemfundisha mwenyewe kushika bunduki. Sasa yeye atanipigia kelele nitembee upesi.

Nilirudi bomani tena na tena. Nilieleza, nililia, niligonga meza mpaka nikatolewa nje. Bwana Shauri alikuwa na jibu moja: lete shahidi. Na shahidi ni nani? Wenzangu wa mtoni wengi wamekufa, wengine wamepotelea nchi za mbali. Amebaki mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyeniharibia.

Chuki ilinishika, ndugu zangu. Chuki ile ilikula nami, ililala nami. Nilikuwa nikipura uwele, kila ninapopiga namwona Maganga. Majirani walianza kunong'ona. Wakwe zangu walimwambia Rebeka kwamba ameolewa na mwoga aliyejipamba kwa uongo. Mke wangu hakunijibu kwa ukali hata mara moja. Alikuwa anapiga magoti tu pembeni ya mawe ya kusagia, na mimi nikisikia sala yake nilikasirika zaidi.

Siku moja mwalimu wetu huyu alinikuta kisimani. Nilimmiminia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba, umemweleza Bwana Shauri, umewaeleza majirani, umenieleza na mimi. Maganga umemweleza lini?" Nikamwambia Maganga anajua alichofanya. Akasema, "Anajua alichosema. Kilichoandikwa je?"

Neno lile lilinichoma siku kadhaa. Mwishowe nilisikia Maganga anakaa Bahi, kwenye kambi ya Wanyamwezi wa reli. Nikachukua fimbo yangu nikafuata reli kwa miguu. Msiniulize nilikuwa nakwenda kumwomba au kumpiga. Hata mimi sikujua.

Nilipofika nilikuta kilio. Mama yake Maganga alikuwa amefariki asubuhi ile. Wazee wa Kinyamwezi waliponiona na masikio yangu ya Kigogo, haya yaliyotogwa yakaning'inia, walipiga makofi: mtani amekuja! Msiba bila mtani ni msiba mkavu. Wakanipa jembe nichimbe pamoja na vijana. Nifanye nini? Desturi ni desturi. Nilichimba, huku nikisema bibi huyu alikuwa mfupi, shimo dogo linatosha, Wanyamwezi wasinisumbue. Watu wenye machozi wakaanza kutabasamu. Maganga alikuwa amekaa chini, kichwa magotini.

Kaburi lilipokwisha, nilifanya wanavyofanya watani. Nililala ndani yake, nikakataa kutoka. Mnajua mtani hatoki kaburini mpaka apewe anachotaka. Wakaniuliza, "Mgogo, unataka nini? Kuku? Pombe?" Nikasema kwa sauti kubwa, "Mama huyu hazikwi mpaka mwanawe akubali kwenda boma la Dodoma kusema nilikimbia na nini mgongoni!"

Watu walicheka. Maganga hakucheka. Aliinuka, akaja ukingoni, akanitazama pale chini. "Malogo," akasema, "kwani waliandika?"

Ndugu zangu, hakujua! Miaka yote ile hakujua! Nilimtazama nikiwa nimelala kwenye udongo wa mama yake, na uso wake ulikuwa umekufa kwa hofu, hofu kwa ajili yangu. Pale pale chuki ilinitoka. Sikuiondoa mimi. Sikuwa hata nimeomba. Ilitoka, nikabaki mwepesi, nikaanza kulia kaburini kama mtoto. Wakadhani ni sehemu ya utani. Maganga alinipa mkono akanivuta juu, tukamzika mama pamoja, na mimi nikamlilia kama mama yangu.

Msiba ulipokwisha tulikwenda bomani. Maganga alisimama mbele ya Bwana Shauri, akaonyesha kovu la paja, akaeleza mto na risasi, bila mzaha hata kidogo. Karani alijaribu kueleza utani ni kitu gani. Bwana Shauri akasema jeshini hakuna utani. Halafu akamwuliza Maganga, "Kwa hiyo ulimdanganya afisa?" Maganga akajibu, "Ndiyo, Bwana." Bwana Shauri akasema cheti kitasahihishwa, lakini aliyemdanganya afisa adhabu yake inajulikana: hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano.

Mnajua kiboko cha boma. Wako watu hapa wenye alama zake. Na Maganga alikuwa na mguu mbovu, na matanga ya mama yake bado yako kifuani. Aliweka fimbo yake chini akaanza kuvua shati.

Nilimtazama nikaona hiki ndicho nilichokitaka siku zote nilipokuwa napura uwele. Nimeletewa. Na sikukitaka tena! Nikasema, "Bwana, acha. Andika nilikimbia. Nitabomoa nyumba, nitabeba mizigo. Mtu huyu asiguswe."

Maganga akaanza kunikemea, nikamkemea na mimi. Tukawa tunagombana mbele ya Bwana Shauri, yeye anataka apigwe, mimi nataka nifukuzwe. Karani alishindwa kutafsiri. Bwana Shauri alitutoa wote nje.

Tulikaa juani mpaka jua lilipopinda. Nilisali kwa mara ya kwanza kwa maneno yangu mwenyewe. Sikuomba nishani. Niliomba mgongo wa Maganga. Kisha karani akatoka na karatasi, akasoma: alimwokoa mwenzake chini ya risasi, nishani yake iliyoahidiwa iletwe. Na Maganga aende zake, asionekane bomani tena. Sababu hatukupewa, na Bwana Shauri yule si mtu wa huruma, mnamjua. Mimi namjua aliyegeuza moyo wake. Asifiwe!

Nishani ilikuja na gari moshi. Ni kitu kidogo, chepesi kuliko nilivyodhani. Rebeka ameifunga kwenye kitambaa. Siivai kuja hapa, maana haisemi habari ya yale maghala. Lakini jina langu limerudi, na tembe yangu imesimama, na mwezi uliofuata niliingia darasa la ubatizo.

Ndugu zangu, namaliza. Juzi msafara wa wapagazi ulipita mlangoni kwangu, ule ule niliokuwa nitie kichwa changu ndani yake. Ombasha kijana alinipigia saluti. Nilisimama pale mlangoni, cheti changu kizuri kiko ndani ya nyumba, nikaangalia nyuso za wale watu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuandikwa mahali popote, kwa uzuri wala kwa ubaya. Midomo yao ilikuwa imepasuka kwa kiu. Nilitaka kufurahi kwamba mimi nimeponyoka, nikashindwa.

Kama kuna mtu hapa ana uchungu na mwenzake, amwendee, amweleze, Bwana atatangulia. Mwaminini! Amenitoa mimi. Na msafara huo unapita tena Jumamosi asubuhi. Askari hawatawaruhusu wapagazi kukaa, lakini kunywa wakiwa wamesimama wataruhusu, nimeshaomba. Mimi na Maganga, atakayekuja kutoka Bahi, tutakuwa kule kwenye kisima cha mchangani tunateka maji. Njooni na vibuyu.