Televisheni ya Refa Haisemi

Nazi ilianguka juu ya mabati usiku ule ambao hata mbwa wa Kona ya Musa walikwisha kuchoka kubweka, ikatoa kishindo kama cha mlango wa lori uliobamizwa, kuku wa jirani wakapiga kelele, mtu wa chumba cha pili akamtaja Mungu wake, na Kamene akajikuta amesimama katikati ya chumba kabla hajajua kama ameamka. Mulinge, mwanawe, alikuwa amelala ubavu akitazama ukuta, mdomo wazi, na hakutikisa hata kidole. Kamene alisimama gizani akingoja mtoto alie. Hakulia. Tangu usiku huo Kamene alikuwa amedondosha sufuria nyuma yake, amepiga makofi, amegonga mlango, amemwita kwa jina. Mara mtoto aligeuka na mara hakugeuka, na alipogeuka Kamene hakujua kama ni sauti, au ni upepo wa mlango, au ni kivuli cha mamake. Mutunga, mumewe, Kamene alikuwa hajamwambia. Utamwambiaje baba ambaye kila asubuhi, akirudi kutoka lindo la usiku huko Diani, humwimbia mwanawe hata kabla hajavua viatu? Basi Jumamosi jioni alimfunga mtoto kwa leso akaenda kwenye benchi la Refa, kwa sababu hapo hupita Mwero, muuza kahawa, na Ukunda nzima hakuna mtoto asiyegeuka akisikia vikombe vya Mwero.

Benchi lenyewe lilikuwa nje ya kibanda cha baiskeli, nyuma ya soko. Mwenye kibanda aliitwa Mangi, lakini hilo jina alibaki nalo mamake tu. Zamani alichezesha mpira, na filimbi ikamwachia tabia ya kuamua kila jambo, ndiyo maana ya Refa. Kombe waliyemwita Bibisi alikuwa na kazi ya kupaka rangi nyumba, na kazi nyingine isiyo na mshahara ya kutangaza habari kabla hazijatokea. Pembeni Jumwa alikaanga viazi vya karai na kuwarekebisha wote wawili. Ndani ya kibanda, juu ya sanduku la spana, ilikaa televisheni ya Refa, ya rangi nyeusi na nyeupe, ikila betri ya gari. Mvua za El Niño zilipoingia kibandani ziliua spika zikaiacha picha. Refa alisema akipata spika ataiweka; mwaka wa pili huo. Kwa hiyo kile kipindi kikongwe cha zawadi cha kila Jumamosi walikitazama kimya, michezo yake wakaipa majina wenyewe, na kanuni zake wakazitunga wenyewe.

— Shikamoo, mama Jumwa. Shikamoo, baba, — alisema Kamene.

— Marahaba, mwanangu, — alisema Jumwa. — Kaa huku, moshi unakwenda kule. Mpaka macho yamekuvimba, hulali?

— Mtoto ananisumbua.

Alikuwa amedanganya. Mtoto alilala vizuri mno, hilo ndilo lililokuwa jambo.

Mwero alitokea upande wa soko, birika mkono mmoja, vikombe mkono wa pili, akivigongesha kacha kacha kacha. Kamene alimgeuza Mulinge, kana kwamba anatengeneza leso, mtoto akampa Mwero mgongo. Vikombe vilikuja, vikapita juu ya kichwa chake kabisa, vikaenda vikanyamaza mbele ya Refa. Mulinge alikuwa anatazama moto wa Jumwa na kunyonya ngumi. Pengine ni moto, alijiambia, moto unapendeza kuliko vikombe, mtoto ni mtoto.

— Soma tena, — Refa alimwambia Bibisi.

Bibisi alikuwa ameshika kipande cha gazeti kilichofungiwa viazi, akakiinua kwenye mwanga.

— "Kipindi kitapunguza michezo. Watazamaji wanaombwa kusema..." hapa mafuta yamekula. "...itakayobaki." Basi. Tumeulizwa na serikali.

— Si serikali, ni kipindi.

— Kipindi kiko wapi? Kwenye televisheni. Televisheni ya nani? Ya serikali. Tumeulizwa na serikali, Refa, na mtu akiulizwa na serikali hujibu.

— Gazeti hilo nalifungia viazi tangu kabla ya Ramadhani, — alisema Jumwa.

— Swali la serikali halichachi, mama Karai.

Refa alipiga goti lake kwa spana, kikao kikafunguliwa. Kila mtu ataje mchezo mmoja na sababu.

— Mimi nasema Gunia libaki, — alianza yeye mwenyewe. — Mtu anaingiza mkono asijue kilichomo. Ule ni mchezo wa haki, maskini na tajiri wote mkono wao ni mmoja.

— Mle mna kaa, — alisema Mwero, akimimina. — Yule mama wa juma lililopita, niliuona uso wake. Mimi nimezaliwa Kinondo, uso wa mtu aliyebanwa na kaa naujua.

— Nairobi kaa atafikaje, kwa basi? — Bibisi alicheka. — Mle mna barafu. Mtu akiigusa anadhani ni mkono wa maiti. Ndiyo maana anaruka, halafu anacheka. Anacheka kwa kushukuru kwamba yu hai.

— Na zawadi?

— Kuwa hai si zawadi?

— Wazee walisema, — Refa alikata, — mgeni njoo mwenyeji apone. Mkono ndio mgeni, gunia ndilo mwenyeji. Gunia linabaki.

Hakuna aliyepinga, kwa sababu hakuna aliyeelewa.

Kamene alichukua funguo za nyumba, akazitikisa polepole karibu na sikio la mtoto, mkono ukiwa chini ya leso asionekane. Hakuna. Akazitikisa tena.

— Mimi mnibakishie Milango Mitatu, — alisema Jumwa. — Nampenda yule aliyefungua akapata mbuzi. Watu wanalilia friji, yeye alimkumbatia mbuzi wake akaenda naye.

— Hakwenda naye, — alisema Bibisi, na alipoteremsha sauti wote walijua kwamba sasa inakuja taarifa. — Mbuzi yule ni mmoja, mama Karai. Mwaka wa pili huu namtazama. Ana baka jeupe hapa, kwenye paji. Anatolewa mlango wa nyuma, Jumamosi inayofuata anarudi. Yule ni mwajiriwa. Ana likizo. Mshahara wake unaupita wa bwana Mutunga, mume wa huyu mama hapa, usinichukie, Mama Mulinge, nasema kweli.

— Sijakuchukia, — alisema Kamene.

— Na si hayo tu. Yule bwana wa suti, mwenye kipindi, kabla hajafungua mlango humtazama nani? Mbuzi. Mimi naamini mbuzi ndiye anayeamua.

— Mbuzi.

— Ndiye mwenye kampuni. Bwana wa suti ameajiriwa tu.

Mwero alicheka mpaka kahawa ikamwagika mchangani. Refa alitaka kujua kama mbuzi ana haki ya kuamua mchezo ambao yeye mwenyewe ni zawadi, na hilo likachukua kikombe kizima. Kamene naye alicheka kidogo, na kicheko kilipotoka alishtuka kama mtu aliyekutwa anacheza ngoma matangani.

— Chumba cha Kioo kiondoke, — alisema Mwero. — Ule mchezo una aibu. Mwanamume mzima anafungiwa ndani ya kioo, anavikwa vile vidude masikioni, mkewe yuko nje anaulizwa mambo. Anaulizwa nini? Huyu ndani anatabasamu tu, hajui anauzwa au ananunuliwa.

— Mke anaulizwa jambo la nyumbani, — alisema Jumwa. — Halafu mume anatolewa, naye anaulizwa lile lile. Majibu yakilingana wanapewa godoro.

— Umejuaje?

— Nimeolewa.

— La, yule anaadhibiwa, — Bibisi alisema. — Alikataa kusikia ndani ya nyumba yake, sasa anazibwa kabisa. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kamene alimkumbatia mtoto kwa nguvu, mtoto akaguna.

— Methali hiyo haiingii hapo, — alisema Refa.

— Inaingia. Na ikigoma ninayo nyingine. Asiyesikia la mkuu...

— Mama Jumwa, — alisema Kamene.

Alikuwa amelitaja jina hilo kwa sauti ambayo hakuikusudia, na Jumwa akaacha kugeuza viazi. Sasa angesema, maneno yalikuwa yamejipanga nyuma ya meno, yote kwa pamoja, nazi na sufuria na funguo, na kwamba alimaliza kidato cha nne lakini hakuna somo hata moja lililomfundisha hili, na kwamba anaogopa, na wale wa nyumbani kwa mume watasema kosa ni lake.

— Hamjambo hapa?

Ilikuwa sauti ya Mutunga. Alikuwa njiani kwenda lindoni, kabuti begani, rungu kwapani, na kama kila jioni alisimama kwanza apate kikombe. Mwero alimmiminia. Mutunga aliweka kiganja juu ya utosi wa mwanawe, mtoto akainua uso mara moja, akacheka na ufizi wote.

— Mnabishania nini leo?

Walimweleza wote kwa pamoja: gazeti, serikali, gunia, mbuzi mwenye kampuni, mwanamume ndani ya kioo. Mutunga alisikiliza akipuliza kahawa. Si mtu wa maneno mengi. Kijiweni walikuwa hawajampa hata jina la utani, hakuwahi kuwapa sababu. Alikunywa akamaliza, akakirudisha kikombe.

— Mimi nina swali moja, — alisema. — Mtoto akiwa hasikii, tangu kuzaliwa, nyinyi mngemwachia mchezo upi?

Bibisi aliinua kidole, kama ambavyo huinua kila mara kabla ya kusema, kidole kikabaki hewani na nyuma yake halikuja neno.

Kamene hakuwatazama wao. Alimtazama mumewe, na mumewe alikuwa anatazama kikombe alichokwisha kukirudisha.

— Umejua lini? — aliuliza.

— Mimi?

— Wewe, Baba Mulinge. Umejua lini?

Mutunga alishusha rungu chini, akakaa kwenye ncha ya benchi, kabuti na yote.

— Tangu alipoanza kucheka. Nikimwimbia nimesimama mlangoni, hana habari na mimi. Nikimlaza hapa kifuani nikaimba, anacheka. Nikasema ni usingizi. Nikajaribu tena asubuhi nyingine, na nyingine. — Alijipangusa uso kwa kiganja. — Sikujua nikwambie vipi. Wewe una hofu, Kamene. Nilikuwa nangoja siku ambayo huna.

— Siku hiyo kwangu haiji.

— Nimeona haiji. Ndiyo nikauliza hapa.

— Mimi nilikuwa nakuficha wewe, — alisema Kamene, na sasa yalikuwa yanatoka, hakuna wa kuyashika. — Usiku nazi ilianguka, hukuwepo, dunia nzima iliamka isipokuwa yeye, nikasema ukijua utaacha kumwimbia, nikasema asubuhi utaingia unyamaze, nami nitakaa ndani ya chumba kile na watu wawili walionyamaza, nikasema heri nibaki nalo mimi.

— Niache kumwimbia kwa nini? Yeye ndiye anayeupenda wimbo wangu. Wewe huziba masikio.

Jumwa alicheka kwanza, akapangusa macho kwa upindo wa leso, akasingizia moshi. Kisha alijongea akakaa karibu na Kamene.

— Jumatatu tunakwenda Msambweni, hospitali, mimi na wewe. Masikio yana daktari wake. Pengine ni uchafu, pengine ni homa iliyopita. Na kama ndivyo alivyoumbwa, basi ndivyo alivyo, tutajifunza kwake.

Bibisi alikuwa bado ana kidole hewani. Mulinge alikiona, akakinyakua, akakivuta kuelekea mdomoni. Bibisi, ambaye hajawahi kusema sentensi bila mkono, alikaa hivyo amefungwa, bega limepinda, asithubutu kujitoa.

Saa ya kipindi ilipita, na Refa hakuunga betri.

— Lakini mama asijue, — alisema Mutunga. — Mpaka tumemwona daktari.

Wote walimfahamu Mbithe, mamake Mutunga. Alikuwa na shamba Kikoneni, na akiteremka sokoni hununua viazi kwa Jumwa na habari kwa Bibisi. Akisikia hili barabarani, mtoto hatafika Msambweni. Atafikishwa kwa mganga, atafukizwa, na Kamene ataulizwa alikanyaga nini alipokuwa mjamzito. Akiambiwa baadaye, na mwanawe mwenyewe, kwa maneno ya daktari, atalia, kisha atatafuta kuku wa kumletea mjukuu. Hivyo ndivyo alivyokuwa.

— Mimi sina mdomo, — alisema Mwero.

— Wangu unajua kazi yake, — alisema Jumwa.

— Refa hasemi ya chumba cha kubadilishia nguo, — alisema Refa. Kisha wote wakageuka upande mmoja.

— Mnanitazama nini? — alisema Bibisi. — Siri gani mimi nimewahi kuitoa?

— Usitulazimishe tuanze kutaja, baba, — Jumwa alimwambia kwa upole.

Bibisi alitaka kujibu, akatazama kidole chake ndani ya ngumi ile ndogo. Kamene hakumwogopa, hilo lilimshangaza yeye mwenyewe, kwamba kwa watu wote wa Ukunda hakumwogopa huyu.

— Mama Mulinge, — alisema Bibisi, taratibu, kama mtu anayejaribu sauti asiyoizoea. — Haki ya Mungu. Akija Mbithe nitampa habari za mbuzi. Haya ya mtoto simwambii mtu mwingine.