Kabati la Mimea la Madamu Spès

Tarehe 31 Julai, Madamu Spès Kabanyegeye anastaafu baada ya kuwafundisha walimu sayansi ya mimea na ekolojia kwa miaka ishirini na tisa katika chuo chetu cha Mutanga Nord. Kamati ya sherehe ya kumuaga imeniomba niandike kwa furaha. Nitajitahidi, ila si yote nitakayoandika ni ya furaha. Katika faili lake kuna kosa ambalo si lake, na asipotetewa leo ataondoka nalo.

Alipoanza kazi, mwaka 1996, wakati wa vita, kutoka nje ya mji kutafuta majani kulikuwa kuhatarisha roho. Akaamua ekolojia ianzie pale mtu anapokanyaga. Wanachuo wake walihesabu magugu ya uani, wakachimba minyoo nyuma ya jiko, wakaotesha mbegu kwenye makopo ya nyanya. Aliyechora mmea wa maharage bila kuotesha hata mbegu moja aliambiwa kwamba maharage ya ubaoni hayaivi.

Mara moja aliwapeleka kwenye mtaro wa Zone Industrielle, eneo la viwanda, waone mimea inayostahimili maji machafu. Mlinzi wa ghala akadhani ni wapelelezi, akawazuia hadi saa tisa. Madamu hakupoteza muda: alimfundisha majina ya nyasi zote za getini kwake. Walipoachiliwa, mlinzi aliwasindikiza huku akiwasahihisha wanachuo.

Kazi yake kubwa ni kabati la mimea iliyokaushwa, karatasi zaidi ya mia sita, zote alizikusanya mwenyewe. Sheria yake ilikuwa moja: mmea hauingii darasani kabla ya kulinganishwa na ule wa kabatini, hata kama ni lengalenga, mchicha wetu wa kila siku. Wengi tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa mwanachuo, nikifanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi ya Kinama. Somo lilikuwa mboga za majani. Asubuhi nilichuma lengalenga kando ya barabara, na niliona aibu, mtu mzima, kufungua kabati kwa ajili ya lengalenga. Somo lilipendeza. Nikawapa watoto kumi na mmoja kila mmoja fungu lake apeleke nyumbani. Madamu alifika kunikagua saa sita, watoto wameshaondoka. Aliokota jani lililobaki mezani, akalivunja, akalinusa, na uso wake ukabadilika. Katikati ya lengalenga nilikuwa nimechuma mnanaha mchanga, ambao ulikuwa bado haujatoa maua. Mnanaha ni sumu ya kumtoa mtu akili, na mtoto unaweza kumuua.

Sijawahi kuogopa vile. Tulikimbia nyumba hadi nyumba, Madamu viatu mkononi. Mafungu kumi tuliyakuta yangali mabichi. La kumi na moja lilikuwa limeshapikwa kwa mama mmoja aitwaye Danielle, na binti yake Joëlla alikuwa anakula.

"Mama, apana kula iyo mboga," Madamu alisema mlangoni, kwa sauti ya chini sana. "Mwaga yote, tumupeleke mutoto kwa daktari."

Siku mbili Joëlla hakumtambua mama yake; alikuwa akiokota hewani wadudu ambao hawakuwepo. Siku ya tatu aliomba uji. Nililia kwenye korido ya hospitali bila kujali nani ananiona.

Ripoti ilihitaji mwenye kosa, na mwanachuo angefukuzwa. Madamu aliandika kwamba yeye ndiye aliyeukagua mmea ule na kuupitisha. Akaondolewa uongozi wa idara, na hakurudishwa tena. Nilipomfuata nikitaka kueleza ukweli, alinikatiza: "We fundisha kwanza. Na kila ukiogopa, fungua kabati." Nikafundisha. Nikanyamaza pia, miaka tisa, na sababu ilikuwa woga tu.

Wiki iliyopita ofisi ilinipa muhtasari wa faili lake, pamoja na maneno ya kuingiza hapa: "licha ya uzembe wake wa Kinama". Uzembe wa Kinama ni wangu mimi, Maxime, mwalimu mnayeniona kila siku, niliyepangiwa kushika nafasi yake mwezi Septemba. Mkurugenzi atasoma haya ukumbini pamoja nanyi. Huenda nafasi hiyo nisiipate, na huenda hata hii niliyo nayo ikaniponyoka. Naogopa, lakini naogopa zaidi kumwona akitoka getini na kosa langu.

Jana nilikwenda Kinama kuwaambia kwanza wenyewe. Joëlla sasa ana miaka kumi na saba, ndiye aliyenifungulia mlango. Nilipomaliza kueleza, Mama Danielle aliniuliza sherehe inaanza saa ngapi. Mnaposoma haya, wameketi mstari wa mbele.

Madamu Spès, asante kwa walimu uliowalea, na kwa watoto kumi ambao hawajui walinusurika nini. Tunakuombea afya, amani na miaka mingi ya kupumzika. Nenda nyumbani na jina lako safi.